Mwaka wa Fukusi na Dawa ya Pamba

Tulimzika Mwalimu Atyang nyumbani kwao, upande wa Angurai, siku ya jua kali, na hasira niliyotoka nayo kwenye lile hema haijanitoka hadi leo. Kifo chenyewe hakikunikasirisha. Atyang alikuwa amestaafu, ameugua, amepumzika, nami nilishalia machozi yangu nikayamaliza. Aliyenikasirisha ni bwana mmoja wa ofisi ya elimu, kijana wa suti ya buluu, aliyeshika kipaza sauti akatueleza kwa nini marehemu alifundisha somo la wadudu waharibifu wa nafaka kila mwaka hadi alipostaafu. "Somo hili ni rahisi," akasema. "Halitaki maabara, halitaki gharama, na watoto wanapenda wadudu. Ndiyo maana walimu wetu wa huku walilipokea kutoka kwa wafadhili na hawakuliacha." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini kabla sijamwaga. Rahisi! Nilitaka kusimama nimuulize kama anajua urahisi huo ulinifukuzisha kazi. Lakini matanga si mahali pa kubishana, na mama aliyekaa kando yangu alikuwa ameshanishika goti, kwa maana ananijua. Basi alichokosa kukisikia siku ile nakiandika hapa, akipenda asome.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana niliyemaliza sekondari, sijasomea ualimu, nimeajiriwa na kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi kati ya Malaba na Angurai. Atyang alikuwa mwalimu kamili wa serikali, amenizidi umri, na ndiye niliyegawana naye chumba. Chumba chenyewe zamani kilikuwa ghala la kununulia pamba. Kuta zake zilikuwa za mabati, na hata tulipokisugua kwa maji ya magadi kilibaki na harufu kali iliyokaa kooni. Tulitundika leso katikati, kwangu huku kwake kule, na jiko tukaliweka mlangoni. Atyang alisonga ugali wa wimbi na mihogo mgumu kama alivyozoea, akatia simsim kwenye kunde, na alinicheka kila nilipolilia samaki kama mtu wa Budalang'i niliyekuwa. "Nekesa, samaki ziko ziwani," alikuwa akisema. "Hapa kuna kunde. Kula." Nusu ya pili ya jengo ilikuwa stoo ya shule, na kati yetu na stoo palikuwa na bati moja tu, kwa hiyo kila kilichosemwa upande ule tulikipokea pamoja na chakula chetu.

Kuhusu pamba, msomaji wa leo lazima aelezwe. Watu wa kule walikuwa wamelima pamba tangu ujana wao, kisha malipo yakaanza kuchelewa, kisha yakakoma, na wakulima wakaing'oa kwa hasira wakapanda mihogo. Pamba ikafa, lakini dawa yake ya kunyunyizia haikufa. Ilibaki majumbani, kwenye mikebe iliyochomekwa juu ya dari, na mkulima aliyekatwa pesa ya dawa ile kwenye mauzo yake hawezi kuitupa hivihivi. Wakaitafutia kazi. Wengine walipaka ng'ombe wenye kupe, wengine kuku wenye viroboto, na niliona kwa macho yangu mtoto wa darasa la pili aliyepakwa kichwani kuua chawa. Wengi zaidi waliitia kwenye mahindi ya ghalani. Siwalaumu sana. Waliambiwa ni dawa, na neno dawa linamtuliza mtu. Ninaowalaumu ni wale waliowauzia mikebe ile kwa miaka mingi bila kuwaambia hata siku moja kwamba ni sumu.

Somo lenyewe tulilipata Malaba, kwenye semina ya siku moja. Walimu wanaume hawakutaka kwenda, ndipo Mwalimu Mkuu akatutuma sisi, na nitasema ukweli kwamba mimi niliifuata chapati na soda. Bwana mmoja mpole alituonyesha jinsi ya kutia mahindi safi kwenye chupa, ukaongeza fukusi, wale wadudu wadogo weusi wenye pua ndefu, kisha chupa moja ukaitia jivu, nyingine pilipili kavu, nyingine majani ya kunuka, na moja ukaiacha bila kitu. Baada ya wiki kadhaa watoto wanahesabu waliokufa na walio hai. Alitupa chupa chache na picha ya fukusi aliyechorwa mkubwa kama panya. Akapanda gari lake, na hatukumwona tena. Hao ndio wafadhili waliosifiwa matangani. Atyang alilipokea somo lile kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa amechoka kufundisha sayansi kwa chaki tupu. Kila mwaka alichora ubaoni taa ya gesi ya maabara ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuigusa, na kila mwaka watoto waliinakili wakidhani ni kibatari. Siku aliyoingia darasa la sita na chupa za fukusi, kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka.

Kulikuwa na msichana mmoja mrefu pale, Amoit, aliyeishi na nyanya yake karibu na shule. Alizikagua zile chupa, akainua mkono. "Madam, hizo zote ni za kujisumbua tu. Sisi kwetu tunawekanga dawa ya pamba. Fukusi hata haingoji jioni." Darasa zima likaitikia, kweli, hata sisi, hata kwetu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kumsaidia Atyang, nikatikisa kichwa ili akatae. Atyang akakubali hata hivyo. Siku iliyofuata alikuja na unga kidogo wa dawa ile, akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akautia yeye mwenyewe kwenye chupa ya peke yake, akaiziba kwa nta na kuiweka juu ya kabati pasipofikika. Kesho yake fukusi wa chupa ile walikuwa wamekufa wote. Wiki zilipotimia, chupa ya jivu ilikuwa na wachache waliokuwa bado wanatembea, ya pilipili zaidi, ile isiyo na kitu imebaki vumbi na maganda, na ile ya dawa ya pamba ilikuwa na mahindi meupe yanayong'aa. Watoto walihesabu, wakachora, wakapiga makofi. Ukifuata semina jinsi tulivyopewa, sumu ndiyo iliyokuwa jibu sahihi. Somo lilihesabu fukusi waliokufa likaishia hapo.

Atyang aliacha makofi yaishe. "Sawa," akasema. "Dawa ya pamba imeshinda. Kesho nani ataniletea kuku wake aje ale haya mahindi?" Wakacheka. Akangoja. Mvulana wa mbele akasema, "Madam, kuku yetu inataga." Mwingine akasema mama yake atamchapa. Amoit akasema kuku ya nyanya hapana. "Kwa nini hapana?" "Itakufa, Madam." Atyang akaketi juu ya meza, jambo ambalo hakulifanya kamwe. "Na mahindi ya dawa pale nyumbani, nani anayakulanga?" Hakuna mkono ulioinuka. Ni Amoit aliyejibu mwishowe, kwa sauti ndogo. "Sisi," akasema.

Bwana wa suti ya buluu, hilo swali la kuku halikuwa kwenye semina. Hakuna mfadhili aliyelileta kwa gari. Lilitoka kichwani mwa mwanamke aliyelala nyuma ya leso yangu, aliyesaga pilipili zake mwenyewe, aliyezunguka hotelini Malaba akiombaomba chupa tupu hadi akaitwa mwenda wazimu. Jioni ile mama mmoja alikuja mlangoni petu, akasalimia, akakaa kwenye kigoda, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya sukari upande wa Uganda, na alipokwisha inuka kuondoka ndipo akauliza: "Hiyo jivu, mwalimu, ni ya kuni gani?" Kesho yake akaja mwingine. Mwalimu wa kijijini hukaa miaka bila mzazi kumuuliza chochote isipokuwa kama mtoto amepita mtihani, na sasa walikuwa wanakuja kuuliza sayansi. Mwalimu akionja jambo hilo haliachi, hata akikatazwa. Na tulikatazwa. Mwalimu Mkuu alituita ofisini akatuambia polepole, kama anayeongea na wagonjwa: "Mtihani utauliza, taja mdudu mmoja anayeharibu nafaka ghalani. Jibu, fukusi. Alama moja. Nyinyi mmekula wiki ngapi kwa alama moja?" Atyang akamjibu, "Ndiyo, Mwalimu," na Jumatatu akarudi na chupa zake darasani.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita hadi la nane alileta gorogoro, ile mikebe ya kupimia ya kilo mbili, za mahindi na maharagwe shuleni, na mchana mama mpishi alizichemsha pamoja zikawa nyoyo. Stoo ikiliwa na wadudu, yeye ndiye wa kuulizwa. Jioni moja tukila tulimsikia upande wa pili wa bati akiwa na mzee mweka hazina. Walikuwa wanafungua magunia. "Ona hii," mzee alisema. "Imekuwa unga kabla ya kusagwa." Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. "Wacha. Nitapata dawa." Sisi tulidhani anasema ile ya dukani, ya nafaka, iliyo na maandishi ya kuonyesha kiasi. Hatukujua kwamba alikuwa na mkebe wake juu ya dari, tangu siku za pamba, kama kila mtu.

Tulifunga kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Siku ya kufungua, zamu ya kupepeta mahindi ilikuwa ya darasa la sita. Amoit alikuja kwetu na ungo mikononi, ameunyoosha mbali na mwili. "Madam, wamekufa wote." Atyang akawaangalia wale fukusi. Wamekufa wa juu, wamekufa wa chini, hata mmoja hatembei. Tulizoea chupa ya jivu, na kwenye jivu daima hubaki mbishi mmoja anayejikokota. Kisha harufu ikatufikia, harufu ileile ya chumba chetu, ya dawa ya pamba. Watoto hawakungoja tuwaambie. Mchana kengele ya chakula ilipolia, sufuria tayari inatoa mvuke, darasa la sita lilikaa kwenye nyasi na sahani zao zimefunikwa chini juu. Wa darasa la saba wakauliza, wakaambiwa, wakafunika zao. Wa la nane, walio na mtihani na njaa ya watu wazima, wakanung'unika kisha nao wakafunika. Mwalimu Mkuu alitoka na fimbo. "Nani amewafundisha kugoma?" Na mtoto mmoja, Mungu ambariki, akamjibu kwa fahari: "Madam Atyang na Madam Nekesa!"

Kamati iliitishwa upesi. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, wazee wakapewa viti. Mwalimu Mkuu akasimulia kwamba alijaribu kuokoa chakula chao, kwamba mahindi yangeoshwa mara mbili na kuanikwa juani, na kwamba walimu wawili wamechochea watoto dhidi ya uongozi. Atyang alipopewa nafasi alisimama tu. "Mzee Mwenyekiti, mimi niko na swali moja. Mwalimu Mkuu anafuga kuku." Hakumaliza. Kicheko kilianzia nyuma kwa akina mama kikafika mbele, maana swali lile lilikuwa limeshaingia katika kila boma likiletwa na watoto. Mwalimu Mkuu alitazama mezani. Nikahisi machozi ya furaha yananijia, nikadhani tumeshinda.

Ndipo mzee mweka hazina akakohoa. "Basi watoto wasikule. Hiyo imeisha. Lakini chakula haimwagwi, ni laana. Tuuze Malaba, tununue ingine." Na watu wale wale waliocheka, akina mama wale wale waliokuja kutuuliza jivu la kuni gani, wakaguna kukubali. Vizuri. Mzee amesema. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine nikitafuta hata mmoja wenye aibu, sikuupata. Nikasimama bila kuruhusiwa. "Na huko Malaba nani atayakula? Si watu?" Mwenyekiti akaniuliza ninazungumza na nani. Nikasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na kama watoto wetu hawawezi kuyala basi hakuna mtoto wa kuyala, yachimbiwe shimo. Nilisema kwa sauti ya juu, sikatai, na ningesema tena leo. Atyang akasimama kando yangu akasema hayo hayo, kwa upole kunizidi. Yeye aliajiriwa na serikali, hawakuweza kumfanya kitu. Mimi niliajiriwa nao. Kabla mkutano haujafungwa nilikuwa sina kazi. "Siku ingine," Mwenyekiti aliniambia, "utajua kunyamaza mbele ya wazee." Nilikuja kusomea ualimu baadaye, nikafundisha Busia hadi nywele zikageuka, na jambo hilo la kunyamaza sijajifunza bado.

Asubuhi yake baiskeli za mizigo zilikuja kuchukua magunia. Atyang alisimama mlangoni mwa stoo akawaambia wenye baiskeli kilichomo, mmoja mmoja. "Madam, mimi nabeba tu," mmoja alimjibu, bila ubaya, akampita. Watoto walitoka madarasani kutazama, na kila gunia lilipofungwa walishangilia, kwa sababu kwao ule ulikuwa ushindi. Sauti ile ya kushangilia niliisikia nikiwa nimeinama nakunja blanketi langu. Baiskeli ziliondoka, nyingine mapema, nyingine zikichelewa kwa kamba na pancha. Nilipotoka na mfuko wangu nilipita chini ya dirisha la darasa la sita, na nikasimama, maana somo lilikuwa limeanza.

"Jana tumefanya nini?" Atyang alikuwa akiuliza.

"Tumeshinda, Madam!"

"Na mahindi iko wapi?"

"Imeenda Malaba!"

"Malaba kuna nani?"

Wakacheka. Madereva, wakasema. Waganda. Wezi. Atyang akangoja kama siku ile ya kuku. "Nauliza tena. Nani hapa ako na mtu wake Malaba?" Kicheko kikapungua. Mmoja akasema mjomba wake anabeba abiria na baiskeli kule. Mwingine, dada yake ameolewa huko, ana mtoto mchanga. Wakaendelea kutaja, kila sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Kisha Amoit. "Mama yangu, Madam. Anapikanga nyoyo, anauzia madereva."

"Na yeye anakulanga nini?"

"Ile inabakinga."

Nilisikia dawati limeanguka. Amoit alitoka mlangoni akanipita mbio kuelekea barabara ya Malaba, na kabla sijageuka vizuri darasa zima lilikuwa limetoka nyuma yake, wenye viatu na wasio navyo. Atyang alikuja mlangoni, chaki mkononi. Ofisini Mwalimu Mkuu alikuwa anapiga kelele. Atyang akanitazama mimi na mfuko wangu. "Wewe huna kazi," akaniambia. "Kimbia nao."

Nilikimbia. Tuliwakuta baadhi ya waendesha baiskeli pale barabara inapopanda, wameshuka, wanasukuma. Watoto walikaa barabarani mbele ya magurudumu, wengine wakalia, wengine wakaeleza wote kwa pamoja, na wenye baiskeli, waliokuwa na mama na watoto Malaba kama kila mtu, mwishowe walimwaga magunia yale kwenye mtaro na kuyafukia kwa jembe la jirani. Nilishika jembe lile mimi mwenyewe. Lakini baiskeli za mbele zilikuwa zimeshafika sokoni tulipofika, magunia yamefunguliwa, mahindi yamechanganywa na ya watu wengine, yanapimwa kwa gorogoro. Tulizunguka tukiuliza hadi jua likashuka. Mama yake Amoit tulimpata, alikuwa hajanunua. Waliokuwa wamenunua hatukuwapata, wala hatukujua ni akina nani. Muhula uliofuata Atyang alianza somo lile upya, kwa darasa lingine.